Handikapu ya gofu sio ulemavu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka huku Arusha. Mimi ni msomaji wa gazeti lako tangu enzi zile linakuja na basi la jioni tunagombania nakala moja watu sita, kwahiyo naomba hii barua usiichukulie kama ya mtu anayetafuta ugomvi, naandika kwasababu nalipenda gazeti na kwasababu kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima.

Kwenye kurasa za michezo mliandika habari ya mashindano ya gofu, na pale kwenye matokeo mkasema mshindi wa kundi la pili ametoka kwa "wachezaji wenye ulemavu wa 10 hadi 18". Nilisoma mara mbili. Nikajua hapohapo kilichotokea, habari ilikuja kwa Kiingereza, neno lilikuwa handicap, mtu au kompyuta ikaenda kwenye kamusi ikakuta "ulemavu" ikaweka. Lakini sio mimi niliyeiona hiyo habari kwanza, ni mdogo wangu, ambaye alipata polio akiwa na miaka miwili na anatembea kwa magongo mpaka leo, ni fundi simu ana kibanda chake, na gazeti analisoma kuanzia nyuma kama wanaume wengi. Alinipigia simu akaniuliza, "Kaka, sisi tumeanza kupewa namba lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa kwenye simu. Jibu ndio hili naliandika hapa.

Nilikuwa kedi. Kwa wasiojua, kedi ndio yule anayembebea mcheza gofu begi lake la fimbo na kumwangalizia mpira ulikoangukia, na mimi nilianza kazi hiyo nikiwa kijana wa miaka kumi na nne, tukisubiri getini toka alfajiri, ukipata mtu umepata ugali wa siku hiyo. Kiingereza changu cha kwanza nilikipata pale na neno hili lilikuwa moja ya maneno ya mwanzo kabisa, maana kila anayekuja lazima aulizwe handikapu yako ngapi. Na lilikuwa neno zuri! Mtu anakwambia kwa furaha, mwezi huu nimeshuka kutoka ishirini na mbili mpaka kumi na tisa, anakununulia soda.

Maana yake ni rahisi. Tuseme Juma ni mchezaji wa kawaida, ana handikapu ya 18, na Rama ni fundi ana handikapu ya 4. Wamemaliza mashimo yote 18, Juma kapiga mikwaju 90, Rama kapiga 77, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndio mshindi. Ukiangalia hivyo Rama kamwacha mbali sana. Lakini Juma anatolewa mikwaju yake 18 anabaki na 72, Rama anatolewa 4 anabaki na 73, kwahiyo Juma ndio kashinda. Yani ile namba ni hesabu ya kuwasawazisha watu wasiolingana uwezo ili waweze kucheza pamoja na mechi iwe na maana, na tangu 2020 nchi mbalimbali zimeingia kwenye mfumo mmoja wa dunia ambao namba ya juu kabisa ni 54. Hakuna mtu pale uwanjani anayeumwa mguu kwasababu ana handikapu. Bingwa anayo, aliyeanza jana anayo.

Kwenye farasi ndio inageuka kidogo na hapo ndipo ile maana ya hasara inapoanza kuonekana. Mbio za farasi za namna hii zipo hata Nairobi kwenye uwanja wa Ngong, na kule Uingereza mbio kubwa kuliko zote za kuruka vizuizi, Grand National pale Aintree, ni za handikapu toka 1843. Farasi anayejulikana kuwa na nguvu anabebeshwa uzito zaidi, wanamwekea vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko, na dhaifu anabeba kidogo. Mwaka 1974 farasi anaitwa Red Rum alibebeshwa uzito mkubwa kuliko wenzake wote, ratili 168 pamoja na mpanda farasi wake, hiyo ni kama kilo 76, na akashinda. Sasa angalia vizuri hapo Mhariri. Handikapu ya Red Rum haikuwa kwenye miguu yake, miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya wenzake. Handikapu ilikuwa ule mzigo, na mzigo ulipimwa na binadamu, akauweka mgongoni kwake.

Na nyuma zaidi ya farasi kuna kofia. Neno lenyewe asili yake ni Kiingereza cha "mkono ndani ya kofia", hand in cap, ulikuwa mchezo wa kubadilishana vitu. Watu wawili wanataka kubadilishana, mmoja ana koti mwingine ana saa, wanamweka mtu wa tatu awe refa, refa anaangalia kipi kina thamani zaidi na anataja nyongeza, mwenye koti aongeze kiasi fulani ndio itakuwa sawa. Wote wanatia hela kidogo kwenye kofia, alafu wale wawili wanaingiza mikono na kuitoa pamoja, na mkono ulivyotoka ndio unaonyesha kama mtu kakubali au kakataa. Wakikubali wote wawili au wakikataa wote wawili refa anachukua hela ya kofiani. Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara wa London, aliandika tarehe 18 Septemba 1660 kwamba siku hiyo walicheza huo mchezo na yeye hakuwahi kuujua kabla na aliufurahia sana. Karne iliyofuata watu wa farasi wakalichukua jina kwasababu na wao walikuwa na refa wa kupima nani aongezewe nini.

Nasisitiza hili la kofia kwasababu kuna hadithi inazunguka sana kwenye simu, hata kwenye grupu letu la kanisa imeletwa zaidi ya mara moja, kwamba neno limetokana na walemavu kushika kofia mkononi wakiomba, eti mfalme wa Uingereza aliwaruhusu wanajeshi waliojeruhiwa vitani waombe barabarani na kofia zao. Sio kweli. Neno lilikaa zaidi ya miaka 200 bila kuhusika na mwili wa mtu yeyote, watu waliitwa hivyo kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya maana kuhama kidogo kidogo, kutoka mzigo wa farasi, kwenda kwenye kikwazo chochote maishani, mpaka ikaangukia kwa watoto wenye viungo vilivyopungua. Hiyo hadithi ya kuombaomba inaniuma kwasababu inawafanya watu waamini kwamba hata lugha yenyewe ilizaliwa ikimwona mlemavu ni ombaomba.

Ukitaka kujua kwamba vijana wetu wanalijua neno hili bila shida yoyote nenda kwenye kijiwe cha mikeka. Pale Simba akipewa handikapu ya 0:1 kila mtu anajua anahesabiwa keshafungwa moja kabla mpira haujaanza, kwahiyo lazima ashinde kwa mabao mawili ndio mkeka usichanike. Sijawahi kusikia hata mmoja akisema Simba ana ulemavu wa moja. Wametumia akili tu, wameona jambo lenyewe ni nini, wameliacha neno lilivyo. Mimi kamari siipendi lakini kwenye hili nawapa haki yao.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu.

Shule ya msingi tulisoma moja, mimi nikiwa mbele yake madarasa manne. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyependa kuchanganya Kiingereza, na yeye ndio alimwita mdogo wangu "handikapu" mbele ya darasa, sidhani alikuwa na nia mbaya, kwa wakati ule labda aliona ndio neno la kistaarabu kuliko kiwete. Watoto ni watoto. Kufikia mapumziko lilikuwa ndio jina lake, na alilibeba mpaka darasa la saba. Kuna watu wazima wenye wajukuu leo hapa mjini bado wanamsalimia hivyo, wanacheka, yeye anacheka nao, alafu nikibaki naye kibandani ananyamaza muda mrefu.

Lakini shida yake kubwa pale shuleni haikuwa jina. Choo kilikuwa bondeni, unashuka ngazi za udongo zilizokatwa kwa jembe, mvua ikinyesha hata sisi wazima tunateleza. Kwahiyo mdogo wangu alikuwa hanywi maji. Anaamka asubuhi hanywi chai, anashinda na njaa na kiu mpaka saa tisa ili asipate haja, na mama alikuja kugundua baada ya mtoto kuzimia. Ndipo baba na wazazi wengine wawili wakaja siku ya Jumamosi na majembe na changarawe, wakachimba njia ya mzunguko isiyo na ngazi, wakaweka mti wa kushika pembeni toka darasani mpaka mlangoni. Kazi ya siku moja na nusu. Jumatatu mdogo wangu akanywa chai.

Mguu ulibaki vilevile Mhariri, haukupona. Kilichoondoka ni kile kingine, ule mzigo. Na hicho kingine ndicho kilichostahili kuitwa handikapu, kama neno lingetumika kwa maana yake.

Nilidhani hayo ni mawazo yangu tu ya kikedi mpaka nilipokuja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuyaandika. Mwaka 1980 walitoa mwongozo wakatenganisha vitu vitatu: kwanza hitilafu ya kiungo chenyewe, pili tendo ambalo mtu anashindwa kulifanya kwasababu ya hitilafu hiyo, na tatu ndio handikapu, wakaieleza kuwa ni hasara anayoipata mtu huyo katika nafasi yake kwenye jamii. Hasara! Neno walilolitumia ni lilelile tunalolijua kwenye mtihani, "taja faida na hasara". Kwa mpangilio huo polio ni ya kwanza, kushindwa kushuka ngazi ni ya pili, na kukaa na kiu kutwa nzima ni ya tatu. Baadae, mwaka 2001, walipotoa mwongozo mpya neno hilo wakaliacha kabisa kwasababu kwenye Kiingereza lilikuwa limeshachafuka, watu wanalisikia kama dharau. Marekani nao walibadilisha, ile sheria yao ya elimu ya 1975 ilikuwa na neno hilo kwenye jina lake, mwaka 1990 wakalitoa. Hata lile shirika kubwa la misaada lililoitwa Handicap International lilibadili jina mwaka 2018 likawa Humanity & Inclusion.

Kwahiyo wenye lugha wenyewe wamelifungasha, sisi ndio kwanza tunalibandika milangoni. Nimeingia kwenye jengo moja la ofisi hapa mjini, zuri, la vioo, choo kimeandikwa HANDICAPPED kwa herufi kubwa, kimefungwa kufuli, mlinzi akaniambia ndani wanaweka ndoo na mafagio. Mdogo wangu akasubiri mpaka nyumbani. Miaka arobaini imepita na bado anahesabu maji anayokunywa.

Niseme pia kwa haki kwamba neno halina dhambi kila mahali. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wamelipata kupitia Kifaransa, wanasema andikape, na kwa Kifaransa bado ni neno la heshima la kiserikali, sheria ya Ufaransa ya mwaka 2005 imeandikwa kwa neno hilohilo. Mtu wa Goma akimwita mwenzake andikape hajamtukana. Lugha ni kama nyumba, kila moja na desturi zake. Mimi nazungumzia Kiswahili cha kwetu na gazeti la kwetu.

Na Kiswahili hakijapungukiwa. Kuna wanaosema shida ni yale maneno ya KI, kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, kwamba tumewaweka watu kwenye kundi la viti na vikombe. Mimi sio mtaalamu wa sarufi ila mbona tuna kijana, kiongozi, kinyozi, kiranja, na hakuna anayelalamika, na kipofu tunasema anakuja, hatusemi kinakuja. Nafikiri kilichochafua hayo maneno sio ile KI, ni namna tulivyoyasema na kucheka. Mwenye uamuzi ni mwenye jina. Viziwi wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, hawakuona aibu, kwahiyo nani aje awabadilishie? Wenzao wamechagua Chama cha Wasioona. Wenye ualbino wamekataa kuitwa zeruzeru na wana haki yao, wanajua wamepitia nini katika nchi hii. Sheria yetu ya mwaka 2010 imeitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, imetanguliza watu. Wakenya wamekwenda mbali zaidi, katiba yao ya 2010 ibara ya 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, yani jinsi ya kumwita mtu imeingia mpaka kwenye katiba. Mdogo wangu nilipomsomea hiyo ibara aliniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Kuna neno moja tu ambalo ningeomba lifutwe kabisa kwenye magazeti, "wasiojiweza". Mnapokea taarifa ya Kiingereza inazungumzia makundi yaliyoachwa nyuma au yaliyonyimwa nafasi, mnaandika "wasiojiweza", mnawaweka humo wajane, yatima, wazee na walemavu. Mdogo wangu ana watoto watatu anawasomesha kwa bisibisi na chuma cha kuchomelea risasi. Anajiweza. Asichokiweza ni kupanda daladala ambayo konda anamwona na magongo anagonga bodi twende. Mkiandika "walionyimwa nafasi" msomaji atauliza kanyimwa na nani, mkiandika "wasiojiweza" hatauliza kitu, ataona huruma kidogo atafungua ukurasa mwingine.

Kwahiyo hawa vijana wenu wa kutafsiri, na hata hizo kompyuta kama ndio mnazitumia, mtu anatakiwa asome sentensi nzima aone jambo linalosemwa. Ikiwa ni gofu, farasi au mkeka, andika handikapu basi, wanaohusika wanaelewa na wasiohusika watauliza. Ikiwa ni mfanyabiashara anasema handicap yetu ni mtaji, huyo anasema kinachotukwamisha ni mtaji. Ikiwa timu imekosa wachezaji wanne majeruhi, andika timu ilipungukiwa, usiandike ililemaa. Kikwazo, kasoro, upungufu, mzigo, hasara, kizuizi, kila moja lina mahali pake na linakaa vizuri likiwekwa hapo. Na ikiwa habari ni ya Kiingereza cha zamani inamzungumzia binadamu, andika mtu mwenye ulemavu, au kama anajulikana jina lake andika jina lake, mara nyingi hata huo mguu hauhusiani na habari yenyewe.

Na hivi vichwa vya habari vya "uchumi kilema", "sheria kiwete", "upinzani kiziwi" navyo vinaumiza. Mnamaanisha kitu kibovu kisichofaa, alafu mnachukua mwili wa mtu ndio uwe mfano wa ubovu. Nakiri hili ni gumu, mimi mwenyewe nilizoea kusema misaada inatulemaza, nalisema tangu ujana, sasa nikilisema mbele ya mdogo wangu nalisikia likigonga ukuta. Nimeanza kusema inatudumaza. Wazee wetu walituachia "hujafa hujaumbika" na sidhani walikuwa wanatania.

Ninachoomba ni kidogo, mtoe masahihisho ya ile habari, palepale kwenye ukurasa wa michezo mliokosea, hata mistari miwili inatosha. Mdogo wangu ameukata ule ukurasa ameubandika ukutani kibandani kwake karibu na bei za vioo vya simu, amekata "ulemavu wa 10 hadi 18" kwa kalamu nyekundu na juu yake ameandika "handikapu". Wateja wanamuuliza, anawaeleza habari ya Juma na Rama kama nilivyomweleza. Amesema siku mkisahihisha ataubandua ule aweke huo mpya.

Kedi wa zamani,
Arusha